Fremu ya Kaboni Haichomelewi



Najua nimekuwa kimya. Wiki nane bila posti hata moja, na wengine mmenitumia meseji mkiuliza kama field imenimeza. Haijanimeza. Nimerudi Mlimani juzi, kila mfuko wa suruali una vumbi la chaki, na nina stori moja ambayo kila ninayemsimulia ananiuliza swali lile lile: "Sasa kwa nini hamkuipeleka tu kwa fundi akaichomelea?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo jibu lote ni hili hapa. Ni refu kidogo. Chukua chai kabisa.

Kwa wageni: mimi nasomea ualimu, fizikia na kemia. Field ya kufundisha nilijipangia nyumbani Karatu, maana nyumbani hulipi chumba na ugali wa mama haukatwi kwenye bumu. Shule niliyopangiwa ni ya kata, siitaji jina. Walimu wazuri, watoto wengi, maabara moja yenye kabati mbili.

Sasa, nyumbani nina mdogo wangu wa miaka 17, tumwite Dogo. Dogo ni mgonjwa wa baiskeli. Si ugonjwa wa ajabu kwetu. Karatu watu wamekulia kwenye Phoenix: maziwa asubuhi yanakuja kwa baiskeli, mahindi yanakwenda mashineni kwa baiskeli, mgonjwa akizidiwa zamani alibebwa kwenye keria. Na ni wilaya inayojua mbio. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni mtu wa kwetu, na taasisi yake imekuwa ikiandaa tamasha la michezo na utamaduni la Karatu mwezi Desemba. Ukiacha riadha, ngoma na kwaya, kuna mbio za baiskeli. Dogo anaziwaza hizo mbio kuanzia Januari mpaka Desemba.

Ukutani kwake amebandika picha ya Biniam Girmay, yule Mwiritrea aliyeshinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika, alimaliza bando la nyumba nzima kwenye simu ya mama. Mama bado anadai.

Na Dogo ana kitu ambacho vijana wengi wa pale hawana: baiskeli ya fremu ya kaboni. Aliyeileta ni mtalii mmoja aliyemaliza safari yake na hakutaka kuirudisha kwao. Akamwachia dereva wake, dereva akamuuzia Dogo kwa malipo ya kuosha magari likizo mbili nzima. Kwa maneno mengine, ile fremu ameilipia kwa mikono iliyopasuka kwa sabuni. Muiweke akilini hiyo, itasaidia kuelewa kilio kilichofuata.

Gunia la viazi

Dogo alikuwa ametoka Arusha kutafuta tairi. Baiskeli ikapandishwa juu ya keria ya Haisi, ikafungwa kamba. Njiani wakapakia mzigo mwingine, na mzigo wenyewe ni gunia la viazi, lile lenye kilemba. Likalazwa juu ya baiskeli. Kutoka Makuyuni mpaka Mto wa Mbu barabara ni tambarare, halafu kuna ule mlima wa bonde la ufa wenye kona kona, na kila kona gunia lilikuwa linakandamiza bomba la juu la fremu kwenye chuma cha keria.

Walipofika stendi Karatu, rangi ilikuwa imechanika. Dogo alipitisha kidole akachomwa na kitu kama mwiba mweusi. Ufa ulikuwa na urefu kama wa kidole changu cha kati, umepinda kuzunguka nusu ya bomba.

Konda akasema, "Pole, lakini hicho kidogo tu, piga gesi hapo." Jioni majirani watatu walikuja kutoa pole na wote watatu wakasema "piga gesi." Sikuwalaumu. Maisha yetu yote kitu cha bomba kikivunjika unakwenda kwa fundi, anawasha gesi, anayeyusha brasi, anakupa baiskeli yako na alama nyeusi, unaondoka.

Kesho yake tulimpelekea mzee mmoja fundi pale jirani na soko. Nilimwamkia, nikamwonesha. Hakugusa gesi. Alichukua spoku akagonga bomba taratibu, akasikiliza, akagonga kwingine, akasikiliza. Halafu akaniuliza swali ambalo nililala nalo:

"Mwalimu, hiki kitu kikitaka kuvunjika, kinatoa taarifa?"

Nikamwambia sijamwelewa, mzee.

Akasema, "Chuma kinatoa taarifa. Phoenix ikichoka inapinda kwanza. Unaiona imepinda, unashuka, unaileta hapa. Hiki nacho kinapinda, au kinaamua tu?"

Jamani, nimekaa kwenye lekcha za mali za maada semista nzima, hakuna aliyelisema vizuri kama huyu mzee. Tofauti kati ya chuma na kaboni ndiyo hiyo. Chuma kikizidiwa hujivuta na kupinda kabla hakijakatika. Kaboni haipindi ikabaki imepinda. Inabeba, inabeba, inabeba, halafu inapasuka. Na kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, kijana mwepesi asiyependa breki anafika kasi ya gari. Kwa hiyo swali halikuwa kama tunaweza kuziba ufa. Kuziba ni rahisi, hata kwa rangi unaziba. Swali ni kama nitakubali mdogo wangu aiamini.

Hiki kitu ni nini hasa

Hapa nawaomba mnivumilie, ualimu umenikaa.

Fikiria nyumba ya miti na udongo. Fito peke yake zinayumba. Udongo peke yake unapasuka. Ukizisuka fito ukakandika udongo, fito zinabeba mvuto na udongo unazishika zisihame. Fremu ya kaboni ni nyumba ile ile. Fito zake ni nyuzi za kaboni, kila moja nyembamba kama sehemu moja ya kumi ya unywele, zimekusanywa 3,000 au zaidi katika uzi mmoja, nyuzi zikafumwa kama kitenge au zikalazwa upande mmoja. Udongo wake ni epoksi, yaani plastiki inayogandishwa kwa kuchanganya vimiminika viwili.

Si mambo ya jana. Mjapani Akio Shindo alionesha mwaka 1961 jinsi ya kupata nyuzi nzuri za kaboni kwa kuchoma nyuzi za plastiki bila kuziacha ziungue, na Waingereza wa Farnborough wakaziendeleza miaka hiyo hiyo ya 60. Na kama unadhani ni vitu vya ughaibuni tu, Dreamliner ya Air Tanzania iliyotua Dar Julai 2018 karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya aina hii. Umeshaipanda au umeipungia mkono.

Sasa utaona kwa nini gesi haifai. Kuchomelea ni kuyeyusha. Nyuzi za kaboni haziyeyuki zikaungana. Ukiweka moto unaunguza epoksi, yaani unabomoa udongo wote, na fito zinabaki zinaning'inia. Dakika moja ya gesi ingemaliza ile fremu. Yule mzee alinionea huruma kwa kutokuwasha moto.

Uzuri wake ni kwamba, kama nyumba ya udongo, inakandikwa upya. Unaondoa palipoharibika, unaweka fito mpya zinazopita mbali na ufa pande zote, unakandika. Mzigo unaacha njia ya zamani na kupita kwenye kiraka. Watu wanafanya hivyo duniani kote, kwenye mashua, kwenye ndege, na kwenye baiskeli.

Kwanza, sikio

Kabla ya kununua chochote tulifanya kipimo cha bure. Sarafu ya shilingi 200. Unagonga kila sentimita, taratibu, mahali pasipo na kelele. Kaboni nzima inalia kavu na juu, "ti, ti, ti." Palipoachana ndani panalia butu, kama kugonga kitabu. Dogo ana sikio kuliko mimi, anapiga kinanda kanisani. Yeye aligonga, mimi nikachora kwa chaki. Sehemu butu ilikuwa kubwa kuliko ufa unaoonekana, karibu mara mbili. Ndiyo maana huwezi kukarabati kwa macho.

Tulikagua fremu yote hivyo hivyo, halafu tukatoa foku tukaikagua ndani na nje, na usukani. Tukapitisha pamba kila mahali, maana pamba inanasa kwenye nyuzi zilizokatika hata kama jicho halizioni. Hizo zilikuwa safi. Na nilikuwa nimeshamwambia Dogo sharti kabla hatujaanza: foku ingekuwa na ufa, hadithi ingeishia hapo. Foku ikikatika unakwenda chini na uso, hakuna nafasi ya kuwaza. Bomba la juu lina wenzake, mzigo unagawana. Mtu wa nyumbani anaweza kujaribu bomba. Foku, usukani na nguzo ya siti si za kujaribia nyumbani.

Vifaa

Kitambaa cha kaboni nilikipata kupitia mshkaji anayesoma Nairobi, nusu mita, kikaja kwa basi ndani ya gazeti. Epoksi na dawa yake ya kugandisha ilitoka Arusha. Hapo robo ya bumu ilikwenda, nimekula maharage mpaka nikaheshimiana nayo. Glovu na bomba za sindano ni duka la dawa. Msasa, barakoa na asetoni ni duka la vifaa vya ujenzi. Kuna aliyenishauri nitumie dawa ya kuondoa rangi ya kucha kwa kuwa nayo ina asetoni. Nyingi zimewekwa mafuta na manukato ili zisikaushe ngozi, na mafuta ndiyo adui namba moja wa gundi. Soma chupa.

Pia kuna fundi wa kutengeneza bampa za magari aliyetaka kunisaidia kwa faiba yake. Alikuwa mkarimu sana lakini dawa yake ni ya ukoo mwingine. Ile ya bampa, unaongeza matone ya kichocheo, ukitaka igande haraka unaongeza kidogo. Epoksi haiko hivyo. Dawa yake ya kugandisha si kichocheo, ni nusu ya ndoa. Kila molekuli ina mwenzake. Ukizidisha upande mmoja, wengine wanabaki bila wenzi, na mchanganyiko unabaki laini siku zote. Chupa yangu ilisema 100 kwa 30 kwa uzito. Kwa uzito, si kwa ujazo! Dawa ni nyepesi kuliko epoksi, kwa hiyo 30 kwa uzito ni kama mililita 36 hivi kwa kila 100. Mwalimu wa kemia wa pale shuleni alinikubalia kutumia mizani ya maabara jioni, akakaa kuangalia. Tulipima mara tatu.

Kazi yenyewe

Siku ya kwanza ilikuwa msasa. Tulifanyia nje, nyuma ya banda la ng'ombe, upepo ukienda mbali na nyumba, barakoa usoni na msasa ukiloweshwa maji ili vumbi lisipae. Vumbi la kaboni linawasha ngozi na halifai mapafuni. Mama alipoona tumejifunika vile akauliza kama tunachuna nyoka. Tuliondoa rangi, halafu tukaendelea taratibu mpaka tabaka za kaboni zikaanza kuonekana kama pete za mti uliokatwa. Katikati, kwenye ufa, tulishuka zaidi. Pembeni tukapunguza kidogo kidogo, mteremko mrefu kama wa sahani. Ukiacha ngazi kali, mzigo unajikusanya pale pale na ufa mpya unaanzia hapo.

Siku ya pili ilikuwa usafi na kukandika. Asetoni, kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Baada ya hapo hakuna kugusa kwa mkono mtupu. Jasho la kidole linatosha kuharibu.

Tulikata viraka vitano vya kitambaa. Cha kwanza kidogo, cha pili kinazidi sentimita moja kila upande, mpaka cha tano kikafunika mbali na ufa pande zote mbili. Vingine nyuzi zikilala sambamba na bomba, vingine zimekatwa mshazari, nyuzi 45, kwa sababu bomba la baiskeli halivutwi tu, linasokotwa pia. Fito za upande mmoja hazizuii kusokotwa.

Unapaka epoksi kwenye bomba, unalaza kiraka, unagonga kwa brashi mpaka kinageuka cheusi cha kung'aa, unaweka kinachofuata. Epoksi nyingi si nguvu. Unataka ya kulowesha tu, inayobaki ni uzito. Nilichanganya kidogo kidogo kwenye sahani pana, maana inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na ukiirundika kwenye kikombe inachemka na kuganda mkononi mwako.

Halafu ikaja sehemu ambayo nadhani Karatu tunawazidi Ulaya. Lazima kiraka kibanwe kwa nguvu wakati kinaganda ili hewa na epoksi ya ziada zitoke. Huko kwao wana mashine za kunyonya hewa. Sisi tuna mpira wa tyubu! Mzee fundi alitukatia tyubu kuukuu ya tairi kuwa ukanda mmoja mrefu, ule ule unaofungia kuni, kuku na magodoro nchi nzima. Kati ya kiraka na mpira tuliweka nailoni tuliyotoboa matundu kwa sindano, kwani epoksi haishiki kwenye nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nailoni yetu ilitoka kwenye godoro jipya la jirani. Mzee alivuta ule mpira kwa mikono ya miaka 30 ya kazi, mzunguko juu ya mzunguko, na epoksi ya ziada ikatoka kwenye vitundu kama jasho.

Baridi ya Julai

Wale wa Dar hamuijui baridi ya Karatu. Mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na juu yetu kuna ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, unaotushushia ukungu kila asubuhi. Kwa msomi wa kemia hiyo maana yake ni moja: mmenyuko utakwenda polepole. Kwa makadirio ya kawaida, joto likishuka nyuzi 10, kasi inapungua nusu. Kitu ambacho Dar kingeganda usiku mmoja, Karatu kingeamka kikiwa asali.

Mchana tuliifungia ndani ya gari bovu la baba mdogo, vioo juu, juani. Usiku Dogo alijaza madumu mawili maji ya moto, akayalaza kando ya fremu, akafunika na blanketi lake. Yeye akalala na koti. Saa nane usiku aliamka kubadilisha maji. Mama alimkuta jikoni gizani anachochea moto, akarudi kitandani bila kusema neno. Asubuhi akaniambia, "Huyu mtoto hajawahi kuniamkia mimi saa nane."

Tulikaa siku saba bila kuipanda. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Nani anapanda kwanza

Kiraka kikatoka kizuri. Si cha dukani, kina uvimbe, lakini sarafu ililia "ti, ti, ti" kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Tukakizungushia mstari wa rangi nyeupe kwenye kingo zote, ili kikisogea hata kidogo mstari ukatike tuone.

Mama akaitisha kikao. Alikuwa amesikia yote, kuanzia nyuzi mpaka molekuli, na akasema neno moja tu: "Mimi kaboni siijui. Fremu inaungwa. Shingo ya mwanangu haiungwi. Nioneshe."

Mzee fundi ndiye aliyetoa jibu. Ana kilo zake 90 na kitu. "Apande mzito kwanza," akasema, akaichukua baiskeli ya mbio, amevaa kanzu ya kazini na malapa, akazunguka nayo kiwanja cha soko mara sita huku watu wanashangilia. Akapita makusudi kwenye mashimo. Aliporudi akagonga na spoku yake, akasikiliza, akampa Dogo.

Baada ya hapo tulikubaliana ratiba na mama akaishika yeye. Wiki ya kwanza ni nyasi na tambarare. Wiki ya pili ni vilima vya Rhotia, breki mkononi. Wiki ya tatu ni kupanda kuelekea geti la Lodoare na kurudi polepole. Mteremko wa Mto wa Mbu mpaka mama aseme. Na kila siku, kabla na baada, sarafu.

Dogo alifuata. Nilidhani angechoka siku ya tatu. Hakuchoka.

Wiki ya tatu, siku moja, giza likaingia hajarudi. Mama hakukaa chini. Mimi nilikuwa nimeshika andalio la somo la kesho, ukurasa ule ule, nusu saa. Saa moja na nusu jioni akatokea, anatembea, baiskeli begani. Kilomita sita kwa miguu. Alisikia "tik" kila akikanyaga pedeli, akashuka hapo hapo. Hakujua ni nini, na hakutaka kujua akiwa juu yake.

Tuliikagua kwa tochi. Kiraka kizima, mstari mzima, sarafu safi. Mlio ulikuwa kwenye beringi za pedeli zilizokauka. Grisi ya shilingi mia tano. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alimpakulia chakula, akaongeza nyama, akasema, "Sasa unaweza kushuka Mto wa Mbu."

Nililiwaza lile swali la mzee tena. Kaboni haitoi taarifa kama chuma, ni kweli. Lakini inatoa minong'ono: mlio mpya, mstari wa rangi uliokatika, sauti butu chini ya sarafu. Mtu asiyesikiliza hata Phoenix itamwangusha. Mimi sikumpa mdogo wangu fremu salama kwa sababu ya viraka vitano. Usalama wake ni zile kilomita sita alizotembea.

Na darasani?

Kipande cha kitambaa kilichobaki nilikipeleka Form One. Sillabasi niliyoisoma mimi ina zile mada za kunyumbuka kwa vitu na jinsi chembe zinavyoshikana, na kwa kawaida unachora ubaoni, wananakili, basi. Safari hii niliwapa kipande kikavu wakikunje, halafu kipande kilichogandishwa wakikunje kama wataweza. Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki tano hakuwahi kunyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, ndiyo maana bibi anaweka nyasi kwenye tope la ukuta?"

Msimamizi wangu kutoka chuo alikuwa amekaa nyuma siku hiyo. Aliandika kitu, sijui nini. Matokeo ya field bado. Lakini lile swali mimi nimeshalipokea kama matokeo.

Baiskeli kama hizi zitaendelea kuja. Watalii wanaziacha, mbio za changarawe zimeshamiri tangu Migration Gravel Race ilipoanza Kenya mwaka 2021, na vijana wakishaona Kigali hawatakubali tena kukimbilia Phoenix. Vyuma tulivirithi pamoja na mafundi wake. Kaboni zinakuja peke yake, bila fundi. Mzee amenitumia salamu kupitia Dogo: anataka nimtafutie kitambaa kingine, kuna mteja analeta fremu yenye ufa. Nimemjibu kwa sharti moja, kama ni foku asiguse. Kajibu, "Nilishamfukuza."

Wadau wa mechanical, kama kuna anayejua wapi Dar naweza kupata kitambaa cha kaboni kwa mita bila kuuza figo, acha maoni hapo chini. Na kama mtakuwa Karatu Desemba, simameni pembeni ya barabara. Namba ya Dogo siijui bado, lakini baiskeli mtaitambua. Ina uvimbe mweusi kwenye bomba la juu, na mstari mweupe kuuzunguka.

Kesho nina testi ya saikolojia ya elimu na sijafungua daftari. Niombeeni.